Wat Pho: Hekalu la Mfalme, Darasa la Umma

Mjadala wa mahekalu ya kifalme nchini Thailand ukizuka, Wat Pho ya Bangkok haikosi kutajwa kama mfano wa dini iliyowekwa mfukoni mwa kiti cha enzi. Ushahidi upo. Rama wa Kwanza alianza kulijenga upya mwaka 1788, jirani kabisa na kasri lake, na sehemu ya majivu yake imehifadhiwa chini ya sanamu kuu ya Buddha. Sheria ya 1902 ikawaweka watawa chini ya uongozi mmoja uliofungamana na dola. Mwishoni mwa 2016 sheria ikabadilishwa tena: mfalme sasa anamteua mkuu wa watawa bila kungoja jina kutoka kwenye baraza lao. Chini ya utaratibu huo, mtawa hana uhuru mkubwa wa kuikosoa dola.

Ila wanaoishia hapo hawajasoma kuta za hekalu lenyewe. Rama wa Tatu alipolikarabati miaka ya 1830, aliagiza elimu ya zama zake ichongwe kwenye mawe: tiba, ushairi, historia, hata methali. Maandishi zaidi ya 1,400 yapo hadi leo, na mwaka 2011 UNESCO iliyaingiza katika rejista yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Idadi hiyo husifiwa kwa wingi wake tu, na hapo ndipo maana yake inapopotea. Mwaka 1767 jeshi la Burma liliteketeza Ayutthaya, mji mkuu wa zamani, na maandiko mengi yakaangamia. Elimu ya tabibu nayo mara nyingi ilikaa ndani ya ukoo. Mwenye nayo akifa bila kumrithisha mtu, imepotea. Jiwe haliliwi na mchwa, na anayelisoma haombi ruhusa ya tabibu yeyote. Tazama bamba moja la ukandaji: umbo la mtu limesimama, mistari imetawanyika mwilini, na kila nukta imeandikiwa maradhi inayoyatuliza. Siri ya ukoo imewekwa ukutani, mpita njia aisome!

Ni kweli wasomaji walikuwa wachache, wengi wao wanaume waliofundishwa na watawa, na kilichochongwa kilipitia mkono wa ikulu kwanza. Hata hivyo msomaji mmoja aliweza kuwasomea wengine au kunakili. Mwaka 1955 shule ya tiba asilia ilifunguliwa hekaluni hapo, na mwaka 2019 ukandaji wa Kithai ukaingia katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika. Walionufaika na hayo, wakandaji wanaoishi kwa kazi ya mikono yao, hawatajwi sana katika hoja za wakosoaji.

Uteuzi wa mkuu wa watawa ulibadilishwa na bunge lililowekwa na wanajeshi. Hilo lijadiliwe bungeni, kwa jina lake. Mawe ya Wat Pho hayahusiki nalo.