Jina la Maguire lisiwe tusi la mtoto

Jumapili iliyopita nilikuwa pembeni ya uwanja wa vumbi mtaani kwetu, hapa Dar, nikiangalia watoto wa chini ya miaka kumi na tatu wakicheza. Beki wa kati wa timu moja, kijana mrefu kuliko wenzake wote, alikwenda kuokoa krosi ya chini, mpira ukamgonga ugokoni ukaingia golini kwake. Amejifunga. Kwa umri ule ni jambo la kawaida kama kuteleza siku ya mvua. Lakini watu wazima waliokaa kwenye viti vya plastiki, wengine wana watoto wa rika lile lile nyumbani, wakaanza: "Maguire! Maguire huyo! Mtoeni Maguire!" Walicheka mpaka wakagongeana mikono. Mtoto alijikaza kama dakika tano hivi, kisha akavua jezi, akaenda kukaa nyuma ya mwembe, analia. Kocha alimbembeleza, hakurudi uwanjani.

Jambo hilo nimelala nalo na kuamka nalo wiki nzima. Linaniuma kwa ajili ya yule mtoto, na linaniuma kwa sababu mwaka 2022 mimi mwenyewe nilikuwa kwenye kibanda umiza nikilitamka vile vile jina la Harry Maguire, beki Mwingereza wa Manchester United. Nilisambaza zile picha za kumdhihaki kwenye magrupu ya WhatsApp. Nilicheka. Sikuwahi kujiuliza namcheka nani.

Harry Maguire ni mtoto wa Sheffield, amezaliwa Machi 1993. Alianza kuichezea timu ya wakubwa ya Sheffield United Aprili 2011, akiwa na miaka kumi na minane, na wiki chache baadaye timu hiyo ikashuka mpaka daraja la tatu la soka la Uingereza. Huko ndiko alikojifunzia kazi: viwanja vizito kwa matope, washambuliaji wenye viwiko, mipira mirefu ya angani jioni za Jumanne za baridi. Alikaa huko misimu mitatu. Mwaka 2012 walifika Wembley kutafuta tiketi ya kupanda, wakafungwa na Huddersfield kwa penalti. Mwaka 2014 Hull City wakamnunua kwa pauni milioni 2.5, bei ya mchezaji wa kawaida kabisa, halafu msimu wake wa kwanza haujaisha wakamtoa kwa mkopo kwenda Wigan. Hull walishuka, wakapanda, wakashuka tena.

Kiangazi cha 2016, wakati England wanacheza Euro, michuano ya mataifa ya Ulaya, kule Ufaransa, Maguire alikwenda kuwaangalia kama shabiki, yuko jukwaani na marafiki zake. Miaka miwili baadaye, tarehe 7 Julai 2018 mjini Samara, kona ikapigwa, akaruka juu ya mabeki wa Sweden na kufunga kwa kichwa bao la kwanza la robo fainali ya Kombe la Dunia. England wakashinda 2-0 na kuingia nusu fainali ambayo hawakuwa wameiona tangu 1990. Kutoka jukwaani mpaka pale ni miaka miwili tu, tena kwa miguu ile ile na kichwa kile kile ambavyo baadaye tuliambiwa havijui mpira.

Sasa tuje kwenye bei, maana dhihaka zote zilianzia hapo. Agosti 2019 Manchester United waliilipa Leicester City pauni milioni 80. Hakuna beki duniani aliyekuwa amewahi kununuliwa kwa fedha hizo. Liverpool walikuwa wametoa milioni 75 kwa beki wao Virgil van Dijk. Kuanzia siku hiyo Maguire hakuhesabiwa tena kama beki, akahesabiwa kama risiti. Kila pasi iliyopotea iligawanywa kwa milioni 80. Lakini niambieni ukweli, nani alipanga bei ile? Leicester walijua Man U wana shida ya beki, walijua wana fedha, walijua mashabiki wanapiga kelele, wakakaza. Ni biashara, na waliifanya vizuri. Wenye timu wakakubali kulipa. Mchezaji hakuandika hata sifuri moja kati ya zile. Aliitwa kazini akaenda, kama ambavyo yeyote kati yetu angeenda. Halafu miaka sita mfululizo amelipishwa deni la mkataba uliosainiwa na watu waliovaa suti.

Na msimu wake wa kwanza alifanya nini? Alicheza kila dakika ya kila mechi ya ligi. Mechi 38, hakutoka hata mara moja. Januari 2020 akapewa kitambaa cha unahodha, miezi mitano baada ya kufika. Timu ikamaliza ya tatu, msimu uliofuata ikamaliza ya pili. Mei 2021 akaumia kifundo cha mguu kule kwa Aston Villa, akaikosa fainali ya Europa League, na Man U wakafungwa na Villarreal kwa penalti 11-10. Siku zile nakumbuka watu walewale wa kibanda chetu walikuwa wakisema wazi: angekuwepo Maguire lile bao la Villarreal lisingeingia, limetoka kwenye mpira wa adhabu. Tulisema hivyo. Ni kwamba tumesahau.

Kiangazi hicho hicho alirudi na kifundo kilichokuwa ndiyo kwanza kimepona, akaingia kwenye Euro kuanzia mechi ya tatu, akafunga dhidi ya Ukraine kule Roma, na siku ya fainali dhidi ya Italia akaweka penalti yake kwenye pembe ya juu kwa nguvu iliyoharibu kamera ndogo iliyofungwa ndani ya goli. Akatajwa kwenye kikosi bora cha mashindano.

Msimu wa 2021/22 ulikuwa mbaya, sitabisha. Alirudishwa haraka kutoka majeruhi na akaonekana mzito. Liverpool waliwapiga Man U 5-0 nyumbani kwao, Old Trafford. Kule Watford alipewa kadi nyekundu, wakafungwa 4-1, na kesho yake kocha Solskjaer akafukuzwa kazi. Nahodha anabeba sehemu yake ya lawama, hilo nalikubali. Nakubali pia kwamba kocha Ten Hag alipomweka benchi msimu uliofuata, baada ya kile kipigo cha 4-0 cha Brentford, mechi iliyofuata waliifunga Liverpool. Sawa.

Ila mtu aliyewahi kucheza beki atanielewa hapa. Shuleni nilivaa namba nne miaka mitatu. Mshambuliaji anaweza kukosa mabao manne, la tano likaingia, akabebwa mabegani. Beki anaweza kuokoa mipira kumi na tisa, wa ishirini ukampita, akaitwa muuaji wa timu. Kazi ya beki ikifanyika sawasawa haionekani, kwa sababu matunda yake ni jambo ambalo halikutokea. Hakuna anayekaa kijiweni Jumatatu akasimulia krosi ambayo haikumfikia mtu. Na beki wa aina ya Maguire anategemea wenzake kuliko beki mwingine yeyote. Yeye ni mtu wa mipira ya juu, wa kusimama mbele ya boksi lake, wa kutoka na mpira miguuni mpaka akavuka mstari wa kati na kuvunja safu ya kwanza ya wapinzani. Udhaifu wake unajulikana: kugeuka na kukimbizana na mtu mwepesi kwenye eneo kubwa lililo wazi nyuma yake. Southgate, kocha wa England wakati huo, aliliona mapema. Mwaka 2018 alipanga mabeki watatu, Kyle Walker kulia kwa ajili ya mbio zake, John Stones katikati, Maguire kushoto, na nyumba ikawa na ukuta. Man U ya 2021 ilimwacha kwenye uwanja mpana, viungo wamekatika, mipira inakuja mbiombio, watu wawili kwa mmoja. Ukimpa fundi seremala msumeno butu, utamlaumu kwa mbao iliyopinda? Sisi tulimlaumu. Tulisimamisha picha pale anapogeuka, tukaweka mduara mwekundu, tukaandika maneno ya kuchekesha. Hakuna aliyeweka mduara mwekundu kwenye lile shimo la mita thelathini mbele yake.

Kisha mambo yakavuka mipaka ya mpira. Machi 2022 England walicheza na Ivory Coast pale Wembley, mechi ya kirafiki, na watu wa nchi yake wakamzomea tangu jina lake linasomwa, akigusa mpira wanazomea tena, akiwa amevaa jezi ya taifa lao. Aprili 2022 polisi waliikagua nyumba anayoishi na watoto wake wadogo kwa sababu kuna mtu aliwatishia kwa bomu. Bomu! Kwa sababu ya mpira. Mwishoni mwa 2022 dhihaka ikafika mpaka Bunge la Ghana, ambako mbunge Isaac Adongo, akijadili bajeti, alimfananisha makamu wa rais, Mahamudu Bawumia, na Maguire: mlinzi anayeliharibu goli lake mwenyewe. Video ile ilifika kwenye simu zetu huku kabla ya chakula cha jioni. Bara zima lilicheka. Nilicheka pia.

Wakati huohuo kule Qatar mtu huyo alianza mechi zote tano za England kwenye Kombe la Dunia, na katika mechi tatu kati ya hizo hawakuruhusu bao. Hilo halikusambaa.

Septemba 2023, Glasgow, aliingia kipindi cha pili dhidi ya Scotland, mashabiki wa nyumbani wakawa wanamshangilia kwa kejeli kila akigusa mpira, na katika kuokoa krosi ya chini akajifunga. England walishinda 3-1, lakini dunia iliongelea bao lile tu. Southgate alikasirika waziwazi mbele ya waandishi. Na mama mzazi wa Maguire akaandika hadharani kuomba watu waache, kwamba anayofanyiwa mwanawe yamezidi mpira. Nilikuwa nimelisahau tukio hilo. Limenirudia Jumapili, pale nyuma ya mwembe: krosi ya chini, mguu wa beki, goli lake mwenyewe, kicheko cha watu wazima.

Miezi miwili kabla ya Glasgow alikuwa amenyang'anywa kitambaa cha unahodha. Man U walishakubali kumuuza West Ham kwa pauni milioni 30, dili likavunjika, akabaki mahali ambapo kila mtu alijua hatakiwi. Ningekuwa mimi ningekunja uso, ningechukua mshahara na kusubiri mkataba uishe. Yeye alikwenda mazoezini. Oktoba 2023, siku tatu baada ya kifo cha gwiji wa Man U Bobby Charlton, Old Trafford iko kwenye maombolezo, alifunga kwa kichwa bao pekee dhidi ya Copenhagen. Novemba akachaguliwa mchezaji bora wa mwezi wa Ligi Kuu. Mwezi huohuo Adongo akasimama tena bungeni Accra akasema Maguire amebadilika, ila makamu wa rais bado. Maguire akamjibu mtandaoni kwamba msamaha umepokelewa, na kwamba wataonana Old Trafford. Mtu aliyetukanwa mbele ya taifa zima akajibu kwa mwaliko.

Tarehe 17 Aprili 2025, Europa League, Lyon wako Old Trafford. Man U wameongoza 2-0, wamesawazishiwa, kwenye muda wa ziada wako nyuma 4-2. Kibanda chetu kilianza kuwa kitupu, watu wanachana mikeka. Kocha Amorim akampeleka Maguire mbele acheze kama mshambuliaji. Bruno penalti, 4-3. Mainoo dakika ya 120, 4-4. Halafu Casemiro akanyanyua krosi, na kwenye dakika ya kwanza ya nyongeza kile kichwa kilichochorwa kwenye kila picha ya dhihaka kikaupeleka mpira pembeni kabisa. 5-4. Wazee waliokuwa wameshatoka walirudi mbio, mmoja kaacha kandambili barabarani. Oktoba 2025 akarudia pale Anfield, kwa Liverpool, dakika ya 84, kichwa tena, 2-1, ushindi wa kwanza wa Man U uwanjani hapo tangu Januari 2016.

Najua wapo watakaosema mabao hayafuti makosa ya ulinzi. Hayafuti. Wala mimi sijasema Maguire ni Rio Ferdinand, yule beki gwiji wa zamani wa Man U. Nasema ni beki mzuri aliyepitia kipindi kibaya mbele ya macho ya dunia nzima, na kwamba tuliligeuza jina la baba yake kuwa neno la kumwaibisha mtoto hadharani. Wale watu wa viti vya plastiki nawafahamu wote, tunasalimiana kila asubuhi. Nimewaambia mmoja mmoja. Wawili wamenisikiliza.

Alhamisi nilimpitia yule mtoto kwao, kwa ruhusa ya mama yake, tukakaa kibarazani na simu yangu. Nilimwonyesha Samara. Nilimwonyesha Glasgow, lile bao la kujifunga, bila kuruka. Aliangalia kimya, kidole mdomoni. Akauliza, "Anko, na yeye walimcheka?" Nikamwambia ndiyo, mpaka uwanja wa nyumbani kwao. Nikamwekea Lyon. Ilipoisha hakusema kitu. Aliichukua simu mkononi mwangu, akairudisha nyuma mpaka pale Casemiro anapoinua kichwa, akaanza kuiangalia upya.