1977: Mwaka Watazamaji wa Marekani Walipowashangaza Wenye Televisheni

Kuna hoja moja ambayo wenye vituo vya televisheni wameitumia tangu zamani, Marekani na hata huku kwetu: watazamaji hawataki mambo mazito. Eti wanataka kucheka, wanataka mapenzi na ugomvi wa mawifi, na ukiwaletea historia au siasa watabadilisha chaneli. Mimi siiamini hoja hiyo hata kidogo. Kila ninapobishana na mtu juu yake humrudisha kwenye mwaka mmoja, 1977, na nchi moja, Marekani.

Wakati huo televisheni ya Marekani ilikuwa mikononi mwa mashirika matatu: ABC, CBS na NBC. Jioni, karibu watazamaji tisa katika kila kumi walikuwa kwenye mojawapo ya hayo matatu. Tanzania Bara haikuwa na televisheni kabisa. Zanzibar ndiyo iliyokuwa nayo, tena ya rangi, kwa miaka michache tu. Kwa Mmarekani, uamuzi wa watu wachache wenye ofisi zao New York na Los Angeles ulitosha kupanga taifa zima litazame nini saa mbili usiku. Na watu hao walikuwa waoga kuliko tunavyodhani.

Mfano mkubwa ni Roots. ABC ilikuwa imetengeneza tamthilia ndefu kutokana na kitabu cha Alex Haley, kinachosimulia ukoo wa Kunta Kinte, kijana wa Kimandinka aliyetekwa Gambia na kupelekwa utumwani Marekani mwaka 1767. Mkuu wa vipindi wa ABC, Fred Silverman, aliamua irushwe usiku nane mfululizo, kuanzia Januari 23 hadi Januari 30. Hakuna aliyezoea kitu kama hicho. Tamthilia ilikuwa ya mara moja kwa wiki. Baadaye uamuzi huo ulisifiwa sana kuwa wa kijasiri. Lakini hesabu ya woga nayo ilikuwemo. Februari ulikuwa mmojawapo wa miezi ya kuhesabu watazamaji, hesabu ambayo bei za matangazo ya biashara hupangwa kwayo, na kama Roots ingeanguka, ilikuwa afadhali iwe imekwisha kabla Februari haijaingia.

Woga huo unauona hata ndani ya tamthilia yenyewe. Walijaza waigizaji Weupe ambao Wamarekani walikuwa wamewazoea sebuleni kama akina baba wema: Lorne Greene wa Bonanza, Ralph Waite wa The Waltons, Robert Reed wa The Brady Bunch. Safari hii walikuwa wamiliki wa watumwa na mabaharia wa merikebu ya watumwa. Nahodha wa merikebu hiyo, aliyeigizwa na Ed Asner, akapewa dhamiri inayomsumbua: mtu wa dini, anayeshika Biblia huku shehena ya binadamu ikilia chini ya miguu yake. Mimi naona hapo ndipo tamthilia ilipokosea zaidi. Mtazamaji Mweupe alitafutiwa mtu wa kumwegemea ili asiondoke, wakati ukweli wa biashara ile ni kwamba iliendeshwa na watu waliolala usingizi mzuri. Kijiji cha Juffure nacho kilionyeshwa kama bustani iliyojitenga na dunia, ilhali eneo lile la mto Gambia lilikuwa na ngome ya Waingereza na biashara ya watumwa kwa miaka mingi kabla Kunta hajazaliwa.

Pamoja na hayo yote, nani aliyeitazama anaweza kusahau ile sehemu ya kuchapwa viboko? LeVar Burton alikuwa na miaka 19 walipopiga picha, mwanafunzi wa chuo kikuu, na hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza. Kunta amefungwa mikono juu, mnyapara anaamuru achapwe hadi atamke jina alilopewa na bwana, Toby. Anataja jina lake mwenyewe. Anachapwa. Anataja tena. Kamera haikimbii, inakaa pale, pamoja na watumwa wengine waliolazimishwa kutazama, mpaka jina linamponyoka. Kisha mzee Fiddler, aliyeigizwa na Louis Gossett Jr., anampokea mikononi na kumhakikishia kwamba yeye ni Kunta Kinte bado. Ninapoiona sehemu ile huwa siwezi kuendelea mara moja. Huwa nasimama kwanza.

Watazamaji hawakubadilisha chaneli. Usiku wa mwisho watu wapatao milioni 100 walikuwa mbele ya televisheni, katika nchi ya watu milioni 220 hivi. Waliotazama angalau sehemu moja walikadiriwa kupita milioni 130. Baa na migahawa ilipungukiwa na wateja saa za kipindi. Vyuo vilianza kufundisha masomo yaliyojengwa juu ya tamthilia hiyo, watu Weusi kwa Weupe wakamiminika kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa kutafuta majina ya mababu zao, na watoto wa kike wakaanza kuitwa Kizzy, jina la binti wa Kunta. Katika tuzo za Emmy, zile kubwa za televisheni ya Marekani, mwaka huo Roots iliteuliwa mara 37 na kushinda tuzo 9, mojawapo ya Gossett, na nyingine, kwa ile sura ya nahodha ninayoilalamikia, ya Asner.

Haki inanidai niseme pia kwamba Haley mwenyewe hakubaki salama. Mwaka 1978 alimlipa mwandishi Harold Courlander dola 650,000 kumaliza kesi, baada ya kukiri kwamba vifungu vya riwaya ya Courlander vimeingia katika kitabu chake. Wanahistoria nao waliitilia shaka nasaba aliyoisimulia. Hayo ni mazito. Ila hayabadili kilichotokea usiku ule nane: mamilioni ya watu waliotakiwa kuamini kwamba utumwa ni habari ya kitabuni waliuona kama habari ya mama na mtoto wake.

Hapa naomba nitoke nje ya mada kidogo. Sisi tulio na njia ya misafara ya watumwa ya Ujiji hadi Bagamoyo, tulio na Mkunazini ambako soko la watumwa la Zanzibar lilikuwepo hadi 1873, bado sijaona tamthilia yetu ya Kiswahili iliyokaa na habari hii usiku nane. Ukiuliza unaambiwa watu hawataipenda, au itagusa koo na dini za watu. Itagusa, ndiyo. Roots nayo iliwagusa wajukuu wa wamiliki na wajukuu wa watumwa waliokuwa wakikaa mtaa mmoja na kupanda basi moja.

Na mashirika ya Marekani yalijifunza nini? Yalijifunza kwamba tamthilia ya usiku mfululizo inalipa. Yakafuata mengi ya mtindo huo: NBC ikatoa Holocaust mwaka 1978 na Shogun mwaka 1980. Waigizaji Weusi waliotegemea milango ifunguke walikuta kazi ni zilezile chache. Yaani lililonakiliwa ni ratiba. Jambo lenyewe, kwamba watu walikuwa tayari kuukabili ukweli, liliachwa mezani.

Miezi mitatu baada ya Roots, woga wa aina nyingine ulionekana. Richard Nixon alikuwa amejiuzulu urais Agosti 1974, akasamehewa na Rais Ford, na hakuwahi kusimama mahakamani kwa ajili ya Watergate, kashfa ya watu kuvunja ofisi za chama pinzani na Ikulu kuificha. Mwingereza David Frost, ambaye wengi walimwona mtu wa maburudani, alimlipa dola 600,000 na sehemu ya faida ili akubali kuhojiwa. Mashirika makubwa hayakutaka kurusha mahojiano ya kulipia. Hoja ya kutomlipa anayehojiwa ina uzito wake, siidharau. Lakini Frost hakurudi nyuma; alikusanya mwenyewe vituo vya miji mbalimbali, kimoja baada ya kingine, akatafuta watangazaji wa biashara, na kujenga mtandao wake wa muda. Mei 4, 1977, watu milioni 45 walimtazama Nixon akibanwa juu ya Watergate, na hatimaye akikiri kwamba aliwaangusha marafiki zake, nchi yake na watu wa Marekani. Katika sehemu iliyorushwa baadaye mwezi huohuo akasema lile neno linalorudiwa mpaka leo: kwamba rais akilifanya jambo, maana yake jambo hilo si kosa kisheria.

Fikiria hilo. Wanaume wawili kwenye viti, hakuna muziki, hakuna risasi, mazungumzo ya sheria na kanda za sauti. Milioni 45.

Agosti 16 Elvis Presley alifariki Memphis. ABC na NBC zilifungua taarifa ya habari ya jioni kwa kifo hicho. CBS ilianza na habari ya mfereji wa Panama, na Elvis akapewa dakika moja na kidogo baadaye. Wahariri waliona mfereji una uzito zaidi, na kwenye karatasi walikuwa sahihi. Ila uzito wa habari haupimwi kwa karatasi pekee. Mwanamume aliyebadilisha sauti ya muziki wa nchi nzima, aliyechota kwa watu Weusi wa Kusini kile alichokiimba, amekufa akiwa na miaka 42. Hiyo nayo ni historia ya taifa. Unaweza kumdharau mtazamaji kwa kumpa upuuzi tu, na unaweza kumdharau kwa kutotambua anachokiomboleza.

Novemba ndiyo ilileta jambo ambalo mpaka sasa naliona kama kilele cha kazi ya utangazaji wa habari. Anwar Sadat, rais wa Misri, alikuwa ametamka bungeni Cairo kwamba yuko tayari kwenda hata Knesset, bunge la Israeli. Wengi walilichukua kama maneno ya jukwaani. Novemba 14, Walter Cronkite wa CBS alimhoji Sadat kwa setilaiti, akambana: unahitaji nini ili uende? Sadat akajibu kwamba anahitaji mwaliko rasmi tu, na anaweza kwenda ndani ya wiki. Siku hiyohiyo Cronkite akamhoji Menachem Begin, waziri mkuu wa Israeli, naye akasema mwaliko upo. Usiku Wamarekani waliwaona viongozi hao wawili, ambao nchi zao zilipigana mara nne tangu 1948, wakiwa ndani ya kioo kimoja. Siku tano baadaye ndege ya Sadat ilitua Israeli, na Novemba 20 alihutubia Knesset.

Sisemi kwamba Cronkite ndiye aliyeleta amani. Wajumbe wa siri wa Misri na Israeli walikuwa wamekwisha kukutana Morocco kabla ya hapo, na hatima ya Wapalestina iliachwa bila jibu. Lawama hiyo ni ya haki. Ninachosema ni kwamba swali fupi, lililoulizwa kwa adabu na kurudiwa mpaka lijibiwe, lilimfanya mtu atamke mbele ya dunia jambo ambalo angeweza kulikimbia. Watangazaji wetu wangapi hurudia swali?

Turudi kwa Ed Asner, maana mwaka huo ulimzunguka kwa namna ya ajabu. Januari nahodha wa watumwa. Machi 19 akawa kwenye sehemu ya mwisho ya The Mary Tyler Moore Show, kichekesho cha miaka saba kuhusu chumba cha habari Minneapolis, ambamo meneja mpya wa kituo anawafukuza wote isipokuwa msomaji habari asiyejua kitu. Septemba mhusika aliyemwigiza katika kichekesho hicho, Lou Grant, akahamishiwa kwenye tamthilia nzito ya saa nzima, sasa mhariri wa gazeti Los Angeles. Watu wengi walidhani mhusika wa vichekesho hawezi kuvuka hivyo. Alivuka, na tamthilia ikashinda Emmy mara mbili kama tamthilia bora.

Sitaki kuwapamba watazamaji wa 1977 kupita kiasi. Ni haohao waliokuwa wakikipa kichekesho chepesi cha Happy Days nafasi ya kwanza, na ni miongoni mwao walioandika maelfu ya barua kupinga Soap, kichekesho cha ABC, kabla hakijarushwa hata sehemu moja, kwa sababu tu walisikia kina mambo ya ngono. Mtu mmoja anaweza kupenda upuuzi Jumanne na ukweli mchungu Jumatano. Hilo ndilo wenye vituo hawakutaka kuliamini.

Desemba 1 kampuni ya Warner ilizindua Columbus, Ohio, mfumo wa kebo ulioitwa QUBE: chaneli 30, na kifaa chenye vitufe ambacho mtazamaji alitumia kununua filamu au kupiga kura akiwa kwenye kochi lake. Biashara hiyo ilikula hasara na kufungwa katika miaka ya themanini, lakini chaneli yake ya watoto ndiyo iliyozaa Nickelodeon, na majaribio yake ya muziki yalisaidia kuzaa MTV. Kuanzia hapo watazamaji wakaanza kugawanyika.

Mwaka 2016 Roots ilitengenezwa upya, Burton akiwa mmoja wa watayarishaji. Nimeitazama yote. Juffure ya safari hii ni mji wa biashara wenye siasa zake, Wamandinka ni wapanda farasi wenye heshima zao, na hakuna nahodha mwema wa kumfariji mtu. Kwa upande wa historia ni bora kuliko ile ya kwanza, na ningependa walimu waitumie hiyo. Usiku wake wa kwanza ilitazamwa na watu milioni 5 na kidogo.