Usiku Mmoja wa Narsinh Mehta

Narsinh Mehta, mshairi mcha Mungu aliyeishi Junagadh, magharibi mwa India, katika karne ya 15, anakumbukwa na wengi kwa wimbo mmoja, Vaishnava Jana To, unaosema kwamba mcha Mungu ni yule ajuaye maumivu ya mwenzake na kumsaidia aliye taabuni bila kujivuna. Mahatma Gandhi, mzaliwa wa Porbandar katika rasi hiyohiyo ya Kathiawar, aliuingiza katika sala zake. Ninaupenda wimbo huo, lakini nasikitika unapoimbwa bila kutajwa yaliyompata mtunzi wake alipoufuata.

Narsinh alikuwa Brahmini, yaani mtu wa tabaka la makuhani wa Kihindu, wa jamii ya Nagar, iliyojihesabu kuwa bora kuliko nyingine mjini. Shairi lake linasimulia kwamba alipokwenda kuoga katika bwawa la Damodar, chini ya mlima Girnar, watu wa tabaka lililohesabiwa kuwa najisi walimsihi aende kwao kuimba. Aliwajibu kwamba penye upendeleo Mungu hayupo, akawaagiza wasiribe uwanja na kupanda tulasi, mmea mtakatifu kwa Wahindu, kisha akaenda akaimba hadi alfajiri. Asubuhi Wanagar wenzake walimzomea na kumpigia makofi ya dhihaka. Katika shairi jingine hakuomba radhi: alikiri kwamba ndivyo alivyo, kama wanavyomsema.

Watu husimulia zaidi mkasa wa hundi, neno ambalo hata sisi Waswahili tunalo. Mahujaji waliohofia wanyang'anyi njiani walimkabidhi fedha zao. Yeye, maskini asiye na duka wala akiba, akawaandikia hundi ya kulipwa katika mji mtakatifu wa Dwarka na mfanyabiashara ambaye, kwa mujibu wa hadithi, alikuwa mungu Krishna mwenyewe. Ni hadithi tamu, ila kwangu mimi usiku ule wa uwanjani ni mkubwa kuliko muujiza huo, kwa sababu hakuna aliyemlipia deni lile la kuzomewa.

Katika miaka ya 1930 Gandhi alieneza jina Harijan, yaani watu wa Mungu, kwa tabaka hilo lililodharauliwa. Wadaliti wengi, kama watu wa tabaka hilo wanavyojiita wenyewe, wamelikataa, wakiona kwamba wanabembelezwa kwa jina zuri ilhali wanadai haki, na naona wana hoja. Kwa Narsinh neno hilo halikuwa la tabaka lolote. Lilikuwa la wote wampendao Mungu, na aliandika kwamba anayejitenga nao anazaliwa bure.