Mguu Hauulizwi

Mtu akienda kununua godoro atalibonyeza, atalikalia, na muuzaji akigeuka kidogo atalilalia kabisa. Akijaribu suruali atachuchumaa, atajipinda shingo aone inavyokaa nyuma. Sasa mpe kiatu, kitu atakachokitwisha mwili mzima kutwa nzima, uone maajabu. Anakitazama kwa mbali, anasema "kile pale kikali", anauliza kama namba yake ipo, anatumbukiza mguu mmoja akiwa amekaa, anausogeza mbele ya kioo, basi. "Nifungie." Kioo kimeulizwa, mfuko umeulizwa, rafiki aliyesindikiza naye ameulizwa. Mguu, wenye shughuli yake, haukuulizwa chochote.

Na hiyo namba! "Mimi ni arobaini na moja," anasema kama anataja tarehe ya kuzaliwa. Ulipimwa lini, ndugu yangu? Hajui. Ni namba aliyotoka nayo shuleni. Tangu hapo amebadilisha kazi mara tatu, tumbo limeongezeka, nywele zimepungua, lakini anaamini mguu umebaki palepale ukimsubiri. Haukubaki. Kadiri miaka inavyokwenda kano za mguu hulegea, ule uvungu wa unyayo hushuka, na mguu hurefuka na kutanuka. Mwenye kubeba mimba anaweza kuyaona hayo ndani ya miezi michache tu. Kitambulisho tunahuisha, miguu hatutaki.

Tena hata kama namba ingekuwa ya leo asubuhi, haitoshi. Namba za Ulaya huhesabiwa kwa theluthi mbili za sentimita, yaani kutoka 41 hadi 42 ni kama milimita 6.7. Waingereza wanakwenda kwa theluthi ya inchi, karibu milimita 8.5, kipimo kilichoanzia enzi za kupima kwa punje ya shayiri. Marekani wana hatua hiyohiyo, ila wanaanza kuhesabu mahali pengine. Na namba ya Ulaya haipimi mguu wako hata kidogo; inapima kalibu, lile gogo lenye umbo la mguu ambalo kiatu hushonwa juu yake. Kila kiwanda kina kalibu zake. Ndiyo maana 42 ya raba inakumeza na 42 ya kiatu cha ngozi inakunyonga, halafu unamlaumu muuzaji kwamba amebadilisha lebo.

Kupima mguu si kazi ya kwenda chuo. Karatasi sakafuni, ukingo wake uguse ukuta, kisigino kiguse ukuta, usimame. Nimesema usimame. Mguu uliokaa ni mfupi na mwembamba kuliko uliobeba mzigo. Penseli ya kuuchorea mguu ishikwe wima. Ukiilaza inaingia chini ya unyayo na kukuibia nusu sentimita nzima, kisha utashangaa vidole vinalia. Pima mpaka kwenye kidole kirefu kuliko vyote, na usidhani lazima kiwe kidole gumba, kwa sababu kuna watu wengi ambao cha pili kimempita kaka yake. Pima miguu yote miwili, maana hailingani, kisha nunua kwa kufuata ule mkubwa. Ule mdogo utatiliwa soli nyembamba ya ndani. Mkubwa hauna dawa ya kuupunguza. Fanya haya jioni, mguu ukiwa umeshatembea na kuvimba kidogo, na uvae soksi zilezile utakazovalia kiatu hicho. Kuna mtu anajaribu buti kwa soksi nyepesi kama karatasi ya sigara, halafu nyumbani anavaa soksi za sufu na kuanza kulaani kiwanda.

Juu ya urefu huo, kiatu kiwe na nafasi ya sentimita moja hivi mbele ya kidole kirefu. Upana wa kidole kidogo cha mkono unatosha kukuonyesha. Nafasi hiyo si anasa. Kila unapokanyaga, mguu hutandazika na kusogea mbele. Ukikosa pa kwenda, unagonga ukuta. Shuka mlima mara moja na kiatu kisicho na nafasi, uje uhesabu kucha zilizogeuka nyeusi.

Hapo ndipo linapoingia neno ambalo laiti ningekuwa na mamlaka ningelipiga marufuku: "kitajiachia." Muuzaji analisema akiwa ameshika kisanduku, mnunuzi analipokea kama habari njema. "Kinabana kidogo hapa mbele, kaka." "Hicho? Siku mbili tatu, bosi, kitajiachia chenyewe." Sasa tuelewane. Ngozi halisi hulegea, ndiyo, lakini kwa upana, na ni kidogo. Kwa urefu hailegei, kwa kuwa imebanwa kwenye soli, na soli hainyooshwi na kidole chako. Ngozi ya bandia nayo hailegei ikakumbuka. Inavutika ukiwa umevaa na kurudi palepale ukivua, mpaka siku itakapopasuka pale penye mkunjo. Kwa hiyo kinachojiachia hapo mara nyingi ni ngozi yako wewe. Kwanza inatoa lengelenge, halafu inachubuka, halafu inaota sugu, na kiatu kimekaa kama kilivyotoka dukani. Kisha mwenye mguu anatamba: "Umeona? Sasa hakiniumi."

Na mbinu za kukilazimisha sasa! Wapo wanaojaza magazeti yaliyolowa. Wapo wanaofunga maji kwenye mfuko wa plastiki, wanautumbukiza ndani ya kiatu na kukilaza kwenye friza usiku kucha, karibu na barafu za watu. Hesabu yao si mbaya: maji yakiganda ujazo wake huongezeka kwa takriban asilimia 9. Lakini barafu haina adabu, hupanukia palipo rahisi, na palipo rahisi ni juu, kwenye tundu la kuingizia mguu, si kule kwenye vidole unakotaka. Asubuhi unatoa kiatu kilekile, ila sasa kina baridi. Kama ni ngozi na kinabana upana tu, mpelekee fundi mwenye kalibu ya kutanulia, ile ya mti yenye skrubu, akiweke siku moja au mbili. Kama kinabana urefu, mpe mdogo wako.

Upande wa pili wamo wanaokimbia kubanwa mpaka wanaangukia kupwaya. Hawa wanadhani lengelenge ni mali ya kiatu kidogo peke yake. Lengelenge linatokana na msuguano: kisigino kikipanda na kushuka ndani ya kiatu kila hatua, ngozi ya juu inavutwa huku, ya chini inabaki kule, katikati panajaa maji. Kiatu kinachopwaya kinafanya kazi hiyo kwa bidii kuliko kinachobana. Tena mguu usioshikwa nyuma hutelezea mbele, kwa hiyo vidole vinapondwa ndani ya kiatu kikubwa. Ukimwambia hivyo mtu anakuangalia kama umemtukana. Anatia pamba mbele, kana kwamba tatizo liko mbele.

Watoto ndio wanaoteswa zaidi na siasa hii. "Chukua kikubwa, atakua." Atakua, hakuna aliyebisha, lakini leo lazima atembee. Namba mbili juu, na mtoto anakunja vidole ili kukishika kiatu kisimtoke, anajikwaa, anaambiwa hana macho. Mwachie nafasi hiyohiyo ya sentimita moja hivi, kisha umkague kila baada ya miezi miwili au mitatu akiwa mdogo. Usimuulize kama kinambana. Mtoto akishakipenda kiatu chenye taa atakula kiapo kwamba hakimbani. Toa ile soli ya ndani, msimamishe juu yake, utazame mwenyewe vidole vinaishia wapi. Njia hiyo inafaa hata kwa wakubwa wenye mapenzi ya aina hiyo.

Wenye mguu mpana nao wana ujanja wao wa kujiumiza: wananunua kirefu ili wapate upana. Upana kweli unapatikana, lakini kiungo cha kidole gumba, pale mguu unapotanuka kuliko kote, kinajikuta kimekaa nyuma ya mahali kiatu kilipokusudia. Kiatu kinataka kukunjikia hapa, mguu unakunjikia pale, na mkunjo wa ngozi unakutafuna juu ya vidole. Ukitaka kujua mapema, angalia kamba. Ukishafunga, zile safu mbili za matundu ziende sambamba, zikiachana kidogo. Zikigusana, kiatu ni kipana mno kwako. Zikifanya umbo la V, mguu unaomba msaada. Na kabla ya hayo kishike kiatu chenyewe, mkono mmoja kisigino, mwingine mbele, ukikunje. Kikunjike pale vidole vinapoanzia. Kikikunjika katikati kama daftari, kirudishe. Kisokotwe pia kama nguo inayokamuliwa. Kikizunguka mpaka mwisho bila kukuwekea ngumu, kitakubeba mpaka mlangoni tu.

Kuhusu visigino virefu na ncha kali nitasema machache, nisije nikafukuzwa. Kiatu cha ncha kali, ule mdomo wa mbele ni pambo. Vidole haviendi huko. Kikinunuliwa kwa namba iliyozoeleka, vidole vinaishia pale kinapoanza kuwa chembamba, vimebebana kama abiria. Kisigino kikipanda, uzito nao unahamia mbele na mguu unaserereka kwenye hiyo ncha. Chenye mkanda juu ya mguu kinausaidia usiserereke. Kisicho na mkanda kinategemea vidole peke yake, na vidole havikuajiriwa kwa kazi hiyo.

Sasa kamba. Mtu mzima, ana familia, anainama kila hatua ishirini kufunga kamba, na anasema kamba za siku hizi ni mbovu. Kamba hazina kosa. Tazama hilo fundo lako: vile vitanzi viwili vimelala upande gani? Vikilala kulia na kushoto, kukatiza kiatu, umefunga vizuri. Vikijigeuza kimoja kikaelekea vidoleni na kingine kifundoni mwa mguu, umezungusha kamba upande uleule mara zote mbili, na fundo la namna hiyo hujifungua lenyewe kwa mtikisiko wa kutembea. Dawa yake: ule mpishano wa kwanza, kabla ya vitanzi, ugeuze. Kama huwa unapitisha ya kulia juu ya ya kushoto, leo pitisha ya kushoto juu. Mengine yote fanya kama ulivyozoea. Ndiyo, umekosea miaka thelathini. Hakuna atakayejua.

Afadhali hao wanaofunga. Kuna wasiofungua kabisa. Wanatia mguu kwa kupiga teke sakafu, wanakanyaga mgongo wa kiatu mpaka unalala kama ulimi wa mbwa, baadaye wanaburuza raba ya gharama kama ndala. Ule mgongo ndani yake una kigumu kinachoshika kisigino. Kikishavunjika hakishonwi, na kupwaya kunaanza hapo. Kijiko cha kuvalia viatu kipo duniani, si ghali. Ila kukitumia kunaonekana ni mambo ya wazee, kwa hiyo kidole cha shahada ndicho kinachofanya kazi hiyo, na kinanasa.

Halafu wapo watunzaji. Hawa ndio wanaonimaliza. Wananunua kiatu kizuri wanakifungia kwenye sanduku, "cha kutokea". Mwaka wa kwanza hakuna pa kutokea. Wa pili mvua. Wa tano inafika harusi yenyewe, kiatu kinatolewa kinang'aa, hakina hata vumbi. Hatua mia mbili baadaye nyuma yake kuna njia ya makombo meusi. Soli imesagika. Anaapa kwamba aliuziwa feki. Pengine wala. Soli nyingi laini hutengenezwa kwa povu la poliyurethani, aina ya plastiki, na povu hilo huvunjwa na unyevu wa hewani polepole, kiatu kivaliwe kisivaliwe. Ndani ya sanduku lililofungwa kwenye joto na unyevu mambo huwa mabaya zaidi. Kukivaa mara kwa mara kungemsaidia. Kukitunza ndiko kulikokiua.

Lakini tuseme soli imeshika, na mtu amefika ukumbini na kiatu chake cha "kitajiachia". Atavumilia mpaka meza itandikwe. Kisha, taratibu, chini ya kitambaa cha meza, anavivua vyote viwili na uso wake unanawiri kama aliyelipwa deni. Kosa kubwa. Amekaa muda, miguu inaning'inia, na mguu uliotoka kwenye kifungo unavimba kwa raha zake, hauna tena wa kuushikilia. Na hapo ndipo mshereheshaji anapotaja jina lake aje mbele kutoa neno. Watu wanapiga makofi, wanageuza shingo kumtafuta. Yeye ameinama chini ya meza, na kidole cha shahada kimenasa kati ya kisigino na kiatu.