Kamati ya Harusi kwa Ajili ya Kondoo

Nilipohamia Ceredigion, magharibi mwa Wales, jambo lililonisumbua kuliko baridi lilikuwa ukimya wa majirani. Bibi wa nyumba ya tatu kutoka kwetu alifariki dunia, nasi tukapata habari baada ya wiki mbili. Hapakuwa na turubai, hapakuwa na daftari la rambirambi, wala hakuna aliyekesha nje akiota moto. Nikakata shauri, kama wengi wetu tunavyofanya tukiwa huku, kwamba watu hawa hawana ujirani. Hukumu hiyo niliibeba kwa miaka kadhaa, mpaka jioni moja ya Oktoba 2023 mkulima wa jirani, ambaye hatukuwahi kuvuka mpaka wa salamu, alipobisha hodi akiuza tiketi za chakula cha jioni cha kuchangia maonesho ya kilimo.

Maonesho yenyewe ni Royal Welsh, yanayofanyika kila Julai kwa siku nne huko Llanelwedd, ng'ambo ya mto Wye ukitokea mji wa Builth Wells, na kuhudhuriwa na watu zaidi ya 200,000. Chama kinachoyaendesha kilianzishwa mwaka 1904 huko Aberystwyth, na kwa miaka mingi maonesho yalikuwa yakihamahama, mara kaskazini, mara kusini, hadi yalipopata uwanja wa kudumu mwaka 1963. Nilichokuwa sikijui ni kwamba kila mwaka eneo moja la Wales hupewa zamu ya kuwa mwenyeji wa heshima, na heshima hiyo huja na kazi ya kuchangisha fedha mwaka mzima. Mwaka 2024 zamu ilikuwa ya Ceredigion.

Nikaanza kuhudhuria vikao, kwanza kwa udadisi. Palikuwa na mwenyekiti aliyechelewa, katibu aliyekasirika kwa sababu hiyo, na mweka hazina aliyesoma hesabu mpaka senti ya mwisho huku akiwatazama kwa jicho la pembeni wale ambao hawajatimiza ahadi zao. Kijiji kimoja kiliandaa msafara wa matrekta, kingine kikafanya mnada, na kwaya ya kanisa ikaimba usiku mmoja kwa kiingilio. Nilicheka moyoni, kwa maana kikao hiki nilikuwa nakifahamu tangu utoto: ilikuwa kamati ya harusi, isipokuwa bwana harusi alikuwa kondoo dume.

Julai ilipofika nilipangiwa kusimama siku mbili kwenye lango la magari ya mifugo. Mwenzangu wa zamu alikuwa daktari wa meno aliyetumia likizo yake ya mwaka ili aje kuelekeza malori ya ng'ombe kwenye mvua. Nilipomuuliza posho ni kiasi gani, alidhani hakunisikia vizuri. Tulipewa beji na chakula cha mchana, basi. Ndani, vijana wa vilabu vya wakulima, wengine hawajafikisha miaka kumi na tano, walikuwa wamevaa makoti meupe wakiwaongoza wanyama waliowalea wenyewe mbele ya majaji, na nyuso zao zilikuwa na hofu ya mtihani.

Karibu mwaka mmoja kabla ya hapo, Agosti 2023, nilikuwa nyumbani Mbeya, ambako kilele cha kitaifa cha Nane Nane, sikukuu ya wakulima ya Tanzania, kilifanyika katika viwanja vya John Mwakangale. Viwanja vilipendeza. Vipando vya mahindi na mboga vilikuwa vimetunzwa kwa ustadi, na wataalamu wa utafiti walieleza mbegu zao kwa subira ambayo sijaiona Llanelwedd. Lakini katika banda moja, ambalo sitalitaja ni la halmashauri gani, nilipouliza nani alilima viazi vile vilivyopangwa mezani, kijana wa zamu alinijibu kwamba viliagizwa na ofisi. Mkulima mwenyewe nilimkuta nje, amevaa fulana aliyogawiwa, akisubiri gari la kumrudisha kijijini.

Kwa hiyo sikubaliani na ndugu zetu wanaosema kwamba Watanzania hatuna moyo wa kujitolea. Akifariki mtu Uyole, kabla jua halijazama kuni zimefika, maji yamefika na sufuria zimeazimwa mitaa mitatu. Kwa harusi moja tunachanga mamilioni ndani ya miezi mitatu bila kulazimishwa na mtendaji wa kata. Moyo huo tumeuacha nje ya lango la Nane Nane kwa sababu hakuna aliyetuomba tuingie nao: bajeti hutoka serikalini, wafanyakazi hutoka ofisini, na sisi tunaalikwa kutazama. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tangu miaka ya 1990 tumekuwa wageni wa sikukuu yetu wenyewe na jembe hatujapewa.

Sisemi serikali ijitoe. Hata Royal Welsh ina waajiriwa wa kudumu na wafadhili wenye fedha nyingi, na wenzangu wengi pale langoni walikuwa wastaafu, jambo linalonifanya nijiulize nani atasimama pale baada ya miaka ishirini. Ninachokitaka ni kidogo: kila halmashauri iache banda moja mikononi mwa kata zake, wananchi waunde kamati, wachange, wachague majaji wao, na walete kuku, asali, ndizi na mikeka yenye majina ya waliovitengeneza.

Dada yangu ana maharage aliyorithi mbegu yake kwa mama mkwe wake, na kila msimu huyachambua usiku akitumia tochi ya simu, punje baada ya punje. Nilipompigia kumweleza habari hizi aliniuliza jambo moja tu: hao majaji wangeyataka yakiwa mabichi au makavu?