Picha za zamani za pwani: nani alikuwa akizinunua?

Kuna aina ya picha ya Mombasa inayozunguka sana mitandaoni. Mzungu mwenye kofia nyeupe ameketi chini ya kijipaa cha turubai, juu ya toroli dogo la reli, na nyuma yake vijana wanalisukuma mbio. Ziko nyingi za namna hiyo, kwani toroli ndilo lililokuwa gari la wakubwa wa mji tangu miaka ya 1890 hadi miaka ya 1920. Hata vile vyuma vina kisa chake: vililetwa kwa ajili ya reli ya kwenda bara ambayo IBEA, kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliianza mwaka 1890 ikaishia maili chache tu, ndipo vikatandazwa mitaani.

Chini ya picha hiyo hukosi kambi mbili. Wa kwanza husema, tazameni mji ulivyokuwa nadhifu, leo tumeuharibu. Wa pili hujibu kwamba picha hizi zilipigwa kutudhalilisha, na kuzisambaza ni kuendeleza kazi ya mkoloni. Mimi naegemea zaidi upande wa pili inapozungumzwa nia, na upande wa kwanza inapozungumzwa faida. Lakini wote hukosea pale wanapozitia picha zote za miaka ile katika kapu moja. Kabla ya kuuliza nani alipiga, ni vizuri kuuliza nani alilipa.

Pale Unguja studio zilizokuwa na jina, ya A. C. Gomes na ya Coutinho, zilikuwa za Wagoa, si za maofisa wa Kiingereza. Waliishi kwa biashara, na wateja wao hawakufanana. Alikuwapo sultani na watu wa jumba lake. Walikuwapo matajiri waliotaka sura zao zitundikwe ukumbini: hao walichagua wenyewe kanzu, joho, jambia na namna ya kukaa. Halafu walikuwapo abiria wa meli waliotaka kadi ya posta ya kupeleka kwao. Kwa hao wa mwisho, mwanamke alisimamishwa mbele ya pazia lililochorwa, akashikishwa mtungi, na chini yake pakaandikwa kwa Kiingereza au Kijerumani kwamba huyu ni Mswahili mrembo. Jina lake halikuulizwa. Kamera ile ile, chumba kile kile. Kilichobadilika ni mteja. Ukizitupa zote kwa hasira, unamtupa na yule mzee aliyelipa rupia zake mwenyewe ili aonekane atakavyo.

Picha za reli, bandari na majengo ya serikali zina mteja mwingine, naye ndiye mgumu zaidi. Alitaka kuonyesha kwamba fedha zimefanya kazi. William D. Young alipiga picha nyingi za reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Victoria mwaka 1901. Vibarua walioletwa kutoka India walikuwa takriban 32,000, na kama 2,500 kati yao walikufa. Katika picha za ujenzi wa aina hii utawaona vibarua kwenye madaraja ya mbao na kandokando ya matuta, ila maelezo hutaja daraja na maili.

Upande wa Wajerumani uzito unaongezeka. Reli ya kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Morogoro mwaka 1907. Miaka hiyo hiyo vita vya Maji Maji vilikuwa vinawaka kusini, na makumi kwa maelfu ya watu walikufa, wengi kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Ukiitazama stesheni mpya na njia zake zilizonyooka bila kujua hilo, utadhani nchi nzima ilikuwa katika utulivu wa Jumapili. Hapa wanaolalamika wana haki kabisa. Picha haikusema uongo kuhusu stesheni, lakini albamu nzima imesema uongo kuhusu mwaka 1906.

Hata hivyo, jaribuni kuishi bila picha hizo. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash kule Unguja, ilijengwa mwaka 1883, na katika picha za mwanzo mnara wake umesimama mbele, mbali na jumba. Baada ya mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 mnara ule ukaondolewa, na mnara wa saa tuliouzoea ukapandishwa juu ya uso wa jumba lenyewe. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya uso huo, pamoja na mnara, ikaanguka, na watu wakapoteza maisha. Anayetaka kuijenga upya atauliza nguzo zilikaaje, roshani zilipita wapi, na jumba lipi hasa tunalolirudisha, la Barghash au lile lililorekebishwa baada ya vita. Katika mambo hayo kadi ya posta ya mtalii ina ushahidi ambao simulizi peke yake haiwezi kuutoa. Mtepe nao ni vivyo hivyo. Chombo kile kilichoshonwa kwa kamba bila msumari, chenye tanga la mkeka, kilitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, na anayetaka kujua umbo lake hutegemea mifano midogo, maandishi na picha chache zilizosalia.

Kuzipata si shida tena kama zamani. Mwaka 2008 hifadhi ya nyaraka ya shirikisho la Ujerumani iliweka maelfu ya picha kwenye Wikimedia Commons, zikiwemo za mpiga picha Mjerumani Walther Dobbertin zenye alama ya DOA, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mwaka 2011 Waingereza waliziweka mtandaoni picha za Wizara yao ya Makoloni. Chuo Kikuu cha Northwestern kule Marekani kina mkusanyiko wa Winterton wenye zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki. Kinachoniudhi ni kwamba zimefunguliwa pamoja na maelezo yao ya kale, na tovuti zetu huyanakili neno kwa neno: “aina za wenyeji”, “mandhari ya Kiarabu”. Mtu wa Shangani kule Unguja au Kibokoni kule Mombasa angeweza kukutajia mtaa, msikiti, hata ukoo wenye ile baraza, lakini ni nadra kuulizwa.

Zinabaki picha za wafungwa wa enzi ya Wajerumani, waliofungwa minyororo shingoni, picha ambazo ziliuzwa kama kadi. Wapo wanaotaka zifichwe kwa heshima ya waliomo, na hoja hiyo siidharau; mimi mwenyewe nisingependa kuona babu yangu akipigiwa “like”. Lakini barabara na bandari wanazosifu wapenda zamani zilijengwa pia kwa kazi ya shuruti. Anayetundika picha ya stesheni kwenye ukurasa wake, basi aitundike na hii kando yake, na aandike mwaka.