Nani Ashike Kitufe cha Kuzima Pikipiki?

Pikipiki zinazouzwa kwa mkopo Nairobi, Dar es Salaam na Kampala mara nyingi hutoka dukani zikiwa na kifaa kidogo kilichofichwa mahali kama chini ya kiti. Ndani yake mna GPS, laini ya simu, na rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, iliyoungwa kwenye waya wa kuwashia injini. Amri ikitumwa kutoka ofisini, umeme hukatwa na chombo hakiwaki mpaka mwenye mamlaka aufungue.

Wanaokitetea kifaa hiki wana hoja nzito. Kijana asiye na hati ya kiwanja wala mshahara hana cha kuweka rehani benki, na anayemkopesha hukubali kwa sababu pikipiki yenyewe ndiyo dhamana, na anajua ilipo. Kuhusu wizi, aliyeporwa usiku anapata nafasi ya kukiona chombo chake kabla hakijafumuliwa na kuuzwa vipuri. Marekani, huduma ya OnStar ya General Motors, inayounganisha gari na kituo cha usaidizi kwa mawasiliano ya mbali, ilitumika Oktoba 2009 mjini Visalia, California, kupunguza mwendo wa gari lililoporwa, na polisi wakampata mhusika bila mbio za hatari barabarani.

Hata hivyo, tuangalie jinsi huduma ile ilivyopangwa: polisi huthibitisha kwanza kwamba wanaliona gari na kwamba njia ni salama, kisha mwendo hupungua taratibu huku breki na usukani vikiendelea kufanya kazi. Karani wa mikopo haoni barabara. Anaona nukta kwenye ramani na jina lenye deni.

Wakopeshaji waangalifu husema amri hutumwa chombo kikiwa kimesimama tu. Ni kanuni nzuri, lakini haitoshi ikiwa inasimamiwa na karani badala ya kifaa chenyewe. Amri ikienda kwa ujumbe mfupi wakati pikipiki iko mahali pasipo na mtandao, ujumbe unaweza kusubiri na kuingia baadaye, pengine dereva akiwa amepakia abiria na yuko katikati ya kulipita lori mlimani. Kifaa kisichopima mwendo kabla ya kutii hakitatofautisha hali hizo mbili, na kwangu mimi hicho hakifai kufungwa kwenye chombo cha kubeba watu, hata mkataba wake uwe mzuri kiasi gani.

Pia kuna suala la nani mwingine anaweza kukifikia kitufe hicho. Mwaka 2010 mjini Austin, Texas, mfanyakazi aliyefukuzwa na muuzaji wa magari alitumia nywila ya mwenzake kuingia kwenye mfumo wa vifaa kama hivi, na magari zaidi ya 100 ya wateja yakagoma kuwaka au yakapiga honi yenyewe. Mwaka 2022 watafiti wa BitSight, kampuni ya usalama wa mtandao, walieleza kasoro za MV720, kifaa cha kufuatilia magari cha kampuni ya MiCODUS ambayo vifaa vyake takriban milioni 1.5 vilikuwa vikitumika katika nchi 169: nywila ya kiwandani ilikuwa 123456, na mtu wa nje angeweza kukata mafuta ya gari asilolijua.

Kwenye deni ndipo ninapoona uzito mkubwa zaidi. Anayechelewesha rejesho kwa sababu ya ugonjwa au mvua ya wiki nzima huzimiwa kile kile ambacho kingemwezesha kulipa. Mkopeshaji atajibu kwamba bila kitisho hicho angelazimika kudai malipo makubwa zaidi ya awali, na hapo wengi wasingepata pikipiki kabisa. Jibu hilo ni la kweli, na ndiyo maana sidai kifaa kipigwe marufuku. Ninachodai ni taarifa ya siku kadhaa kabla ya kuzima, namba ya kupiga inayopokelewa na mtu usiku na mchana, na uwezo wa kuwasha kwa dharura, kwani mjamzito anayekimbizwa hospitali kwa bodaboda hahusiki na deni la dereva.

Mikataba inapaswa pia kueleza kinachofuata baada ya rejesho la mwisho. Mwenye pikipiki anapokabidhiwa kadi yake, kifaa kinaweza kubaki kwenye chombo kikiendelea kutuma mahali alipo kwa kampuni asiyodaiwa nayo tena. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, na Tanzania ilitunga yake mwaka 2022. Mkataba utaje siku ya kukiondoa kifaa hicho, na fundi alipwe na aliyekifunga.